Usiulize Chama Gani, Uliza Hati ni ya Nani

Tangu wenzetu wa uhandisi mitambo waanze kutuwekea video za mbio za dragi kwenye televisheni ya hosteli, ukumbi umegawanyika. Wapo wa NHRA, wapo wa IHRA. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani, na ambao bumu likichelewa wanashindia chai na chapati moja, wanapandishiana sauti kwa ajili ya vyama viwili vya mbio za magari vya ng'ambo. Siwacheki, maana na mimi nimo. Ila nimefika mahali naona ubishi wetu, na ubishi wa mashabiki wenyewe wa kule, umekosea msiba. Tunalia kwa nguvu, lakini marehemu amelazwa nyumba ya pili.

Marehemu ni kiwanja. Katika miaka michache iliyopita mashabiki wa dragi wa Marekani wamepoteza viwanja ambavyo baba zao na babu zao walikwenda kila wiki. Wakiulizwa nani kawaua, wengi wanataja chama: hawa wa upande ule wametuharibia, wale wa upande huu wametutupa. Mimi nasema hivi: uhasama wa vyama umewaumiza, hilo sikatai. Lakini kilichowanyang'anya viwanja ni ardhi, na kosa kubwa la uhasama ule ni kuwafanya watu wabishane kuhusu nembo iliyo getini badala ya kuuliza jina lililo kwenye hati.

Kwa asiyeujua mchezo

Magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka. Hakuna kona, hakuna mzunguko. Mbele yao kuna mlingoti wa taa unaoitwa mti wa Krismasi. Taa za njano zinawaka, inafuata ya kijani, magari yanaondoka. Ukiondoka kabla ya kijani inawaka nyekundu, na shughuli yako imeishia hapo. Umbali wa jadi ni robo maili, kama mita 402. Viwanja vingi vidogo hukimbiza nusu yake, mita 201.

Magari ya juu kabisa, yale ya Top Fuel, yanatumia nitromethani na hupita kilomita 530 kwa saa. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki katika kiwanja cha Englishtown, New Jersey, umbali wa magari ya aina hiyo ulipunguzwa hadi futi 1,000, yaani kama mita 305, ili yapate nafasi zaidi ya kusimama. Hayo ndiyo tunayoyaona kwenye video.

Lakini hayo ni ncha tu ya mkuki. Mpini wenyewe ni usiku wa katikati ya wiki kwenye kiwanja cha mtaani, ambapo fundi wa gereji, mwalimu, mwanafunzi, na baba aliyekuja na binti yake wanalipa getini na kukimbiza gari lilelile walilokuja nalo. Kuna mtindo unaoitwa breketi: unatabiri gari lako litatumia muda gani, lenye muda mrefu linatangulizwa, na mshindi huwa ni yule anayelijua gari lake na mwenye macho ya haraka. Kwa mtindo huo, gari chakavu linaweza kulishinda gari la mamilioni, kihalali kabisa. Shabiki naye hakai mbali nyuma ya waya. Kwenye mchezo huu ni kawaida kutembea katikati ya mafundi wanapofungua injini, ukauliza swali na ukajibiwa. Niambie ni mchezo gani mwingine wa magari unaokupa nafasi hiyo.

Kwa hiyo kiwanja cha dragi kikifungwa, anayekosa mahali pa kwenda si bingwa wa taifa. Bingwa atapakia gari kwenye lori na kwenda jimbo jingine. Anayekwama ni yule wa Alhamisi usiku.

Vyama viligombana kweli

Mchezo huu ulianza kwa kutafuta mahali. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana wa California walikuwa wanashindana barabarani na kwenye viwanja vya ndege visivyotumika. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake wakaanza kuendesha mbio za kulipia kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, akaanzisha National Hot Rod Association, ndiyo NHRA. Kazi ilikuwa kuwatoa vijana barabarani, kuwapa kanuni, ukaguzi wa magari na mahali salama. Mwaka 1955 chama kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas, tena kwenye uwanja wa ndege.

Chama kimoja hakikai peke yake muda mrefu. Mwaka 1957 NHRA ilipiga marufuku nitromethani, ikataka petroli ya kawaida. Chama kingine, American Hot Rod Association, AHRA, kikaendelea kuwapokea wenye nitro, na waliotaka moshi na kishindo wakahamia huko mpaka NHRA ilipolegeza msimamo miaka ya 1960. Halafu ikaja IHRA, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Larry Carrier. Huyu alikuwa mmoja wa wajenzi wa kiwanja cha Bristol, Tennessee, kilichofunguliwa mwaka 1965 na kupokea mashindano ya NHRA. Wakakosana. Carrier akaondoka na kiwanja chake, na baadaye akaunda chama chake mwenyewe.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Carrier hakuwashinda NHRA kwa hoja. Alikuwa na kiwanja. Angekuwa hana, ugomvi wake ungeishia kwenye barua.

AHRA ilikufa miaka ya 1980. IHRA imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kuna wakati ikiwa chini ya Feld Entertainment, kampuni ya maonyesho inayojulikana kwa magari makubwa ya Monster Jam. Kila mmiliki alikuja na mpango wake: huyu anataka mashindano makubwa ya kulipwa, yule anayafuta na kurudi kwa wakimbiaji wa wikiendi. Shabiki wa kawaida aliamka kila baada ya miaka michache akakuta kalenda imebadilika.

Ni lazima pia tueleze chama kinafanya nini hasa, maana wengi tunadhani chama ndicho chenye viwanja. Kwa sehemu kubwa sivyo. Kiwanja ni cha mtu, familia, kampuni au serikali ya eneo. Mwenye kiwanja anasaini mkataba na chama, na chama kinampa kitabu cha kanuni, utaratibu wa bima, leseni za madereva na nafasi ya wakimbiaji wake kwenye mashindano ya kanda. Kiwanja kikihama chama, kanuni na mtiririko wa pointi hubadilika. Umehangaika msimu mzima kukusanya pointi, umetengeneza gari kwa kipimo cha kitabu fulani, halafu bango la getini linashushwa na jingine linapandishwa. Hayo ni maumivu ya kweli, na anayelalamika nayo simlaumu.

Lakini angalia orodha ya misiba

Sasa chukua viwanja vilivyofungwa, kimoja baada ya kingine, uulize kila kimoja kiliuawa na nini.

Englishtown, New Jersey, kilifunguliwa mwaka 1965 na kwa miongo kadhaa kilikuwa nyumbani kwa moja ya mashindano makubwa ya NHRA. Januari 2018 wamiliki walitangaza kwamba mbio za dragi zimekwisha, hapohapo, bila msimu wa kuaga. Watu wakajifariji kwamba Atco bado ipo, kiwanja cha mwaka 1960 katika jimbo hilohilo. Mwaka 2023 Atco nayo ikafungwa.

Atlanta Dragway, Georgia, kilianza mwaka 1975. Huyu marehemu anauma zaidi, kwa sababu mwenye mali alikuwa NHRA yenyewe. Chama kilikimiliki kiwanja, na mwaka 2021 chama kikakiuza. Hakukuwa na mpinzani wa kumlaumu hapo.

Houston Raceway Park, Baytown, Texas, kilifunguliwa mwaka 1988, kikafanya mashindano yake ya mwisho ya taifa Aprili 2023, ardhi ikauzwa. Bandimere, kile kilichokuwa ubavuni mwa mlima huko Morrison, Colorado, kiliendeshwa na familia moja tangu mwaka 1958 na kufungwa mwisho wa msimu wa 2023, baada ya jiji la Denver kukifuata hadi mlangoni. Heartland, mjini Topeka, Kansas, kilifungwa mwaka huohuo katikati ya mgogoro wa kodi ya mali na kaunti. Irwindale, California, ambako vijana walikuwa wanakwenda na magari yao ya barabarani usiku wa katikati ya wiki, kilifungwa Desemba 2024.

Pitia tena orodha hiyo. Ardhi, kodi, jiji linalopanuka, wamiliki waliochoka. Sioni mahali ambapo chama kimoja kilikuja na tingatinga kubomoa kiwanja cha chama kingine. Kiwanja kikijengwa mwaka 1958 huwa ni porini. Baada ya miaka 40 kinazungukwa na nyumba za watu ambao walinunua viwanja vyao wakiisikia kelele, halafu wanaishtaki kelele. Bei ya ardhi inapanda hadi mwenyewe, akipiga hesabu, anaona akiuza leo atapata fedha ambazo getini asingezipata mpaka wajukuu wake wazeeke. Unaweza kumlaumu? Familia iliyofungua geti kwa miaka 65 haidaiwi na mtu.

Wahenga walisema tembo wakipigana nyasi huumia. Ni kweli, ila huku kuna wa tatu ambaye methali haikumtaja: mtu aliyekaa pembeni ya mapambano na kalamu mkononi, anayenunua shamba zima wakati wote tunatazama tembo.

Uhasama unaingia wapi, basi?

Unaingia mahali pawili.

Kwanza, unagawa sauti. Kiwanja kinapotishiwa, uamuzi hufanyika kwenye kikao cha kaunti au baraza la mji, mahali pa kuchosha penye ajenda ndefu. Wanaokuja kulalamikia kelele ni majirani, wameungana, wanajuana kwa majina. Wanaokuja kutetea kiwanja ni wakimbiaji na mashabiki ambao mwaka mzima wamekuwa wakiitana wasaliti kwa sababu ya kanuni za breketi. Hawana chama cha mashabiki, hawana anwani moja, hawana mtu wa kusema kwa niaba yao. Vyama viwili vikubwa vina wanasheria, lakini vina viwanja vingine pia. Kwa chama, kiwanja kimoja kikifa ni tarehe iliyofutwa kwenye kalenda. Kwa shabiki wa New Jersey ni saa kadhaa za barabara hadi Pennsylvania, au abaki nyumbani.

Pili, unamfanya shabiki aamini kuwa chama ni chake. Si chake. NHRA ni shirika lisilo la kugawana faida, limesajiliwa hivyo, na watu wengi wanajiita wanachama. Lakini mwaka 2007 uongozi wake ulikubali kuuza upande wa mashindano ya kulipwa, pamoja na viwanja ilivyokuwa inamiliki, kwa kampuni ya wawekezaji. Mpango ule ulikwama, na haukukwamishwa na mashabiki. Ukiwa na kadi ya uanachama isiyokupa kura juu ya uwanja, hiyo ni kadi ya mteja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi vyama vingi ni vibaya. Bila AHRA, huenda nitro ingekaa kifungoni muda mrefu zaidi. IHRA ndiyo iliyolipa daraja la Pro Modified jukwaa lake mwaka 1990, yale magari yenye sura za zamani na nguvu za kutisha, na NHRA ikaja kulichukua baadaye. Ushindani unazaa mambo. Unazaa madaraja mapya, zawadi, na kiburi kizuri. Kitu ambacho ushindani wa vyama haujawahi kuzaa ni ulinzi wa ardhi, kwa sababu hakuna chama kinachoshinda mashabiki kwa kuzungumzia hati.

Sasa hivi jamaa wa IHRA pale ukumbini wamechangamka kwelikweli, maana mwaka 2025 chama chao, chini ya mmiliki mpya, kilianza kununua viwanja vyenyewe. "Mwanangu, umeona? Sisi tunaokoa!" Kiwanja kuwa wazi ni bora kuliko kuwa ghala, sina shaka. Lakini fikiria kidogo. Refa ndiye mwenye uwanja, ndiye mwenye kitabu cha kanuni, ndiye mwenye geti. Mmiliki akibadilika kesho, kama walivyobadilika wengine kabla yake, ni nini kinachomzuia wa kesho kuuza? Atlanta ilikuwa mikononi mwa chama pia. Kilichopungua ni chumba kimoja tu kati ya shabiki na dalali.

Funzo la bandari na la maonyesho

Mtu atasema basi dawa ni ardhi ya umma. Nusu ya jibu ni hiyo. Nusu nyingine iko Los Angeles.

Mwaka 1955, kwenye ardhi ya bandari huko Wilmington, kilifunguliwa kiwanja cha Lions, kwa msaada wa klabu za Lions za eneo lile, Mickey Thompson akiwa meneja wa kwanza. Kilipendwa mno. Lakini bandari ilikuwa inakua, majirani wanalalamikia kelele, na Desemba 1972 kikafungwa. Umati uliokuja kuaga ulikuwa mkubwa mno. Kuaga, kwa bahati mbaya, hakufuti notisi.

Jirani na hapo, kwenye kisiwa cha Terminal, Willie Robinson, aliyejulikana kama Big Willie, alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko rekodi zote za mwendo. Baada ya machafuko ya Watts ya mwaka 1965, yeye na mkewe Tomiko waliwakusanya wakimbizaji wa mitaani wa kila rangi, Weusi, Walatino, Wazungu, Waasia, chini ya udugu mmoja. Mwaka 1974, kwa kuungwa mkono na meya Tom Bradley, wakapata kiwanja chao, Brotherhood Raceway Park. Hakuna NHRA, hakuna IHRA. Palikuwa na watu wa mtaa na njia iliyonyooka. Kiwanja kile kilifungwa na kufunguliwa mara kwa mara, kila mara kikisubiri huruma ya wakubwa, hadi kilipofungwa moja kwa moja mwaka 1995. Ardhi ilikuwa ya umma, lakini haikuwa imeandikwa popote kuwa ni ya mbio. Ilikuwa azima. Na cha kuazima, kama tunavyojua, hakisitiri matako.

Sasa nenda Pomona, mwendo wa gari kutoka hapo, kaunti ileile. NHRA ilifanya mbio zake rasmi za kwanza pale mwaka 1953, na hadi leo msimu wake unaishia hapo. Kiwanja kipo ndani ya eneo la maonyesho la kaunti. Ni ardhi ya umma vilevile. Tofauti ni kwamba eneo la maonyesho kazi yake ni kupokea watu na kelele zao. Bandari kazi yake ni makontena. Pomona nayo inazungukwa na mji na haina kinga ya milele, lakini imeishi miaka 70 kwa sababu matumizi yake hayapingani na sababu ya ardhi ile kuwepo.

Kwa hiyo si suala la umma au binafsi peke yake. Ni suala la maandishi: ardhi hii ni ya kazi gani, kwa miaka mingapi, na nani lazima aulizwe kabla haijabadilishwa.

Sisi tuna mfano wetu

Wanachuo wenzangu, hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Simba na Yanga wamegombana tangu kabla babu zetu hawajaoa. Wamegombea wachezaji, waamuzi, ratiba, hata mlango wa kuingilia. Lakini kwa miaka mingi mechi yao kubwa imechezwa kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao si wa Simba wala wa Yanga. Ni wa serikali, uliojengwa kwa ajili ya michezo na kufunguliwa mwaka 2007. Ugomvi wao, hata uwe mkali vipi, hauwezi kumfanya mmoja amfungie geti shabiki wa mwenzake moja kwa moja. Uwanja ukifungwa ni kwa matengenezo, na wote wawili wanahangaika pamoja.

Linganisha na viwanja vya mitaani. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja cha vumbi ambapo ndondo ilichezwa kila msimu wa likizo. Wakaja waandaaji wawili, kila mmoja na kombe lake, jezi zake na spika zake. Timu zikagawanyika. Ukicheza kombe hili, lile umefungiwa. Tulibishana miaka miwili kombe lipi ni halali. Mwaka wa tatu ukajengwa ukuta, na ndani ya ukuta ni ghala. Hakuna hata mmoja wetu, wachezaji, waandaaji, wala wazee waliokuwa wanakaa kwenye magogo kutazama, aliyewahi kuuliza eneo lile limesajiliwa kama nini. Waandaaji wote wawili walihamia mitaa mingine na makombe yao. Sisi hatukuwa na pa kuhamia.

Ndiyo maana nikiwaona mashabiki wa Englishtown wakirushiana maneno kuhusu vyama, nawaelewa kuliko wanavyodhani.

Nini kifanyike

Kwa mashabiki wa dragi, ningekuwa na sauti huko, ningesema mambo matatu.

La kwanza, waunde vyama vya mashabiki na wakimbiaji vya kiwanja, si vya nembo. Chama cha watu wa kiwanja fulani, chenye orodha, katibu, na mtu anayehudhuria vikao vya mipango miji hata pale ambapo hakuna hatari. Ukianza kuhudhuria siku ya notisi, umechelewa.

La pili, wadai haki ya kuulizwa kwanza. Mwenye kiwanja akitaka kuuza, watu wa kiwanja wapewe muda wa kutafuta fedha au mnunuzi atakayeendelea na mbio. Hawataweza kila mara, na bei ya ardhi ya mjini si mchezo. Lakini notisi ya mwaka mmoja ni tofauti na tangazo la asubuhi. Na panapokuwa na ardhi ya umma, wadai mkataba mrefu wenye neno "mbio" ndani yake, siyo ahadi ya meya. Meya huondoka.

La tatu, wavibane vyama vyote viwili kwa swali moja. Mnapokuja kuomba uaminifu wetu, mtaweka nini kwenye mkataba wa kulinda kiwanja? Chama kitakachojibu kwa maandishi kipewe watu. Hapo ushindani utakuwa na faida, kwa sababu vitashindania kitu kinachobaki.

Kuna atakayesema haya ni ndoto, kwamba soko la ardhi halisikilizi mashabiki. Pengine. Lakini gharama ya kutofanya kitu inajulikana. Vijana hawaachi kushindana kwa sababu kiwanja kimefungwa. Wanarudi barabarani usiku, kulekule Wally Parks alikotaka kuwatoa. Anayedhani ni habari ya Marekani tu, asimame kwenye barabara yoyote pana ya jiji letu baada ya saa sita usiku asikilize pikipiki zinavyokatwa ekzosi na kuachiwa. Wale vijana wana mchezo. Hawana kiwanja, kwa hiyo wanachezea kwenye maisha ya watu.

Na kwetu chuoni? Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unakuja, na tayari nimeona mabango mawili ya ligi mbili tofauti za vitivo, kila moja ikidai ni ligi halisi. Wagombea wa wizara ya michezo wanaulizwa wako upande gani. Mimi kura yangu nitampa atakayekuja na jibu la swali jingine: kiwanja chetu cha chini, kile cha karibu na uzio, kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ya chuo kimeandikwa ni cha nini? Mwaka jana niliona wapima wamesimama pale na vyombo vyao asubuhi mbili mfululizo. Sijui walikuwa wanapima nini, na hakuna kiongozi wa ligi yoyote aliyeuliza. Ramani ile ipo ofisi ya mipango ya chuo, na mwanafunzi anaweza kuomba kuiona. Jumatatu saa nne nitakuwa pale mlangoni na barua ya maombi. Wa ligi zote mbili mnakaribishwa, njooni na vitambulisho vyenu.